Anwani Ileile, Kurasa Tofauti

Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa Dar es Salaam akiandika google.com kwenye kivinjari chake alijikuta yuko google.co.tz. Wa Nairobi aliandika herufi zilezile akapelekwa google.co.ke, wa Kampala google.co.ug, na ndugu yetu aliyeko Muscat akatua google.com.om. Hakuna aliyeulizwa. Seva ilitazama namba ya intaneti ya kifaa kilicholeta ombi, ikakisia nchi, ikamsukuma mtu upande huo. Aliyetaka kubaki kwenye anwani aliyoiandika ilibidi ajue kitu ambacho wengi hawakukijua: kuongeza mkwaju na herufi tatu, ncr, mwishoni mwa anwani. Oktoba 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba matokeo ya utafutaji yatafuata mahali mtu alipo, bila kujali anwani ya nchi gani ameitumia. Aprili 2025 ikatangaza kwamba anwani za nchi zitaanza kuwarudisha watu google.com.

Wataalamu wa seva wanauita mpango wa namna hii uelekezaji wa masharti. Seva inapokea ombi, inapima sharti fulani, na sharti likitimia haitoi ukurasa ulioombwa bali inamwambia mwombaji aende kwingine. Kila siku sisi sote tunapitishwa kwenye masharti haya, na mara nyingi ni kwa faida yetu. Lakini anayeandika sharti anaamua kwa niaba ya watu asiowaona, na yeye mwenyewe akiifungua tovuti kwa kompyuta yake ofisini huona upande mmoja tu wa uamuzi wake. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo kwa makini, mafundi na wasio mafundi, kwa sababu wenye tovuti zetu, kuanzia shule hadi halmashauri, wanaandikiwa masharti haya na watu wengine, na hawajui waulize nini.

Kivinjari kinapotaka ukurasa hutuma ombi la mistari michache ya maandishi ya kawaida kabisa. Mstari wa kwanza unataja kitendo na njia: neno GET, kisha tuseme mkwaju na neno fomu. Mwingine unataja jina la tovuti. Kisha yanafuata maelezo ambayo mtumiaji mwenyewe hayaoni: kivinjari ni cha aina gani, simu imewekwa lugha zipi, na mtu amebofya linki kutoka tovuti gani. Seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. 200 maana yake ukurasa huu hapa. 404 maana yake haupo. Namba zinazoanza na 3 ndizo za uelekezaji, na kwa kawaida huja na mstari uitwao Location, wenye anwani mpya ndani yake. Kivinjari kikiusoma mstari huo hakimuulizi mtu chochote, kinakwenda.

Namba mbili zinatumika sana, 301 na 302. Mwenye duka aliyehama Kariakoo kwenda Mbagala moja kwa moja hubandika tangazo mlangoni, na mteja akishalisoma hana sababu ya kupita tena pale. Aliyefunga siku chache kupaka rangi hubandika tangazo la namna nyingine, na mteja anajua atarudi palepale. La kwanza ni 301, la pili ni 302. Vivinjari huichukulia 301 kwa uzito wake: huiweka kwenye kumbukumbu, na safari ijayo huenda moja kwa moja kwenye anwani mpya bila kuigusa tena ile ya zamani.

Sasa weka sharti juu yake. Tuseme fundi ameamua kwamba kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, wakati wa matengenezo, kila mgeni apelekwe kwenye ukurasa wa kuomba radhi, na ametumia 301. Asubuhi ameondoa kanuni, tovuti inafanya kazi, yeye anaiona. Waliopita usiku bado wanapelekwa kwenye ukurasa wa kuomba radhi, siku hiyo na pengine wiki nzima, kwa sababu kivinjari kinakumbuka jibu, hakikumbuki sharti. Hakikujua kabisa kwamba jibu lile lilitegemea saa. Wanapiga simu kulalamika, na fundi anawaambia kwa nia njema kabisa kwamba tovuti iko sawa. Kwa hiyo sharti lolote linaloweza kubadilika kesho, liwe la saa, la lugha, la kifaa au la mahali, lisipewe 301. Na kwa matengenezo, jibu la haki si uelekezaji hata kidogo. Ni 503, inayosema huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na mstari wa Retry-After unaotaja muda wa kujaribu tena.

Masharti haya yanaandikwa wapi? Kwenye seva za Apache, ambazo zimebeba tovuti nyingi ndogo tangu 1995, kazi hii hufanywa na moduli ya mod_rewrite. Aliiandika Ralf S. Engelschall Aprili 1996, akaikabidhi kwa kundi la Apache Julai 1997. Ina nguvu sana, na wanaoitumia wengi wamenakili mistari yake bila kujua inasomwaje. Sharti huanza na neno RewriteCond. Kanuni huanza na RewriteRule. Sharti huandikwa juu, kanuni chini yake, na macho yanakwambia sharti hupimwa kwanza. Sivyo. Apache huanza na kanuni: je, njia iliyoombwa inalingana na mchoro wake? Ikilingana, ndipo inapanda juu kupima masharti. Yote yakikubali, ndipo inashuka tena kutekeleza.

Kuna jambo jingine hapo ambalo nimeona likiwasumbua mafundi wazuri. Sharti linaitawala kanuni moja tu, ile inayolifuata. Mtu anaandika sharti moja, linalosema kwa mfano, kama jina la tovuti ni lile la zamani, halafu chini yake anapanga kanuni tatu, akiamini zote tatu zinalitii. Ya kwanza inalitii. Ya pili na ya tatu hazina sharti lolote, zinamkamata kila mgeni, hata aliyekuja kwa jina jipya. Na ile anwani yenye alama ya kuuliza, ambayo baada yake hufuata mambo kama namba ya mwanafunzi au mwaka? Mchoro wa RewriteRule hauyaoni hayo yaliyo baada ya alama ya kuuliza. Ukitaka kuyapima, unayaandikia sharti lake.

Nginx, seva ya Igor Sysoev iliyotolewa kwa umma 2004, imechukua njia nyingine. Kuhamisha tovuti nzima ni mstari mmoja unaoanza na return. Wenyewe wamewaonya watumiaji kwa miaka mingi wasirundike neno if ndani ya vizuizi vya location, yaani sehemu za mipangilio zinazohusu njia fulani, wakawapa map, ambayo ni jedwali: kushoto anwani ya zamani, kulia mpya. Nalipenda jedwali kwa sababu hata asiye fundi anaweza kulisoma na kusema, huu mstari wa saba umekosewa.

Kwa maoni yangu, masharti ni ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Yapo yanayopima kitu ambacho mtu ameomba kweli: amekuja kwa http badala ya https, ameandika jina la zamani, ameomba njia iliyohamishwa. Hayo ni mambo ya hakika. Ombi lenyewe linayasema. Aina ya pili hukisia mtu ni nani: anasema lugha gani, yuko nchi gani, ameshika simu au amekaa kwenye kompyuta. Hapo seva inabahatisha, na wanaobahatishiwa vibaya mara nyingi ni watu wetu.

Chukua lugha. Kivinjari hutuma orodha ya lugha katika mstari uitwao Accept-Language, na Kiswahili kinawakilishwa na herufi mbili, sw. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Lakini simu nyingi mikononi mwa wasemaji wa Kiswahili zimebaki kwenye Kiingereza kama zilivyotoka dukani. Mama wa Tanga anayesoma na kuandika Kiswahili maisha yake yote anabeba simu inayotangaza en-US kwa kila tovuti anayoifungua. Sharti linaisikiliza simu, linampeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza, naye anadhani wa Kiswahili haupo.

Chukua mahali. Opera Mini, ambayo imetumika sana kwetu kwa sababu haimalizi bando haraka, hupitisha maombi kwenye seva za Opera ili kurasa zibanwe kabla hazijafika kwenye simu. Tovuti inaona namba ya seva hiyo, ambayo inaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mtu yuko Singida, sharti linamhesabu kuwa yuko Ulaya. Anayetumia VPN ni hivyohivyo. Aliyesafiri akaenda na laini yake ya nyumbani, mara nyingi data yake bado inapitia mtandao wa nyumbani. Na Mswahili wa Muscat, London au Toronto anayetafuta habari za kwao analetewa ukurasa wa huko aliko, kana kwamba amesahau alikotoka.

Hasara haiishii kwa msomaji. Roboti ya Google inayosoma kurasa kwa ajili ya utafutaji haitumi mstari wa Accept-Language, na sehemu kubwa ya maombi yake hutoka kwenye namba za Marekani. Tovuti yenye kurasa nzuri za Kiswahili ikiweka sharti la kuwapeleka wote walioko Marekani kwenye Kiingereza, roboti hiyo huenda isizione kurasa za Kiswahili hata siku moja. Zimeandikwa, zimehaririwa, zimelipiwa, na hazitafutiki. Sisi tunaolalamika kwamba Kiswahili ni kichache mtandaoni tunapaswa kujali jambo hili kwa dhati, kwa maana kingine kipo na kimefichwa na mistari miwili kwenye faili la mipangilio.

Ningelikuwa mwenye tovuti ningeagiza hivi. Kukisia lugha kuwe kwa ukurasa wa mbele peke yake. Neno Kiswahili liwe wazi juu ya kila ukurasa, mtu alibofye. Akishachagua, chaguo lake lihifadhiwe kwenye kuki, na sharti la kwanza kupimwa liwe hilo: huyu ameshachagua? Kama ameshachagua, kukisia kunakoma. Na anayefungua linki aliyotumiwa na mwenzake kwenye WhatsApp apate ukurasa uleule mwenzake aliousoma. Aliyeituma alikuwa na sababu yake.

Hata masharti ya aina ya kwanza, yale ya hakika, yanahitaji mtu anayejua seva yake imekaa wapi. Maarufu kuliko yote ni lile la kuwahamisha watu kutoka http kwenda https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huziandika tovuti za http kuwa si salama, na tangu mwisho wa 2015 Let's Encrypt inatoa vyeti vya usalama bure, kwa hiyo tovuti nyingi sana zimeweka sharti hili. Linauliza, je, ombi limekuja bila usalama? Kama ndivyo, lirudishe anwani ileile kwa https. Sasa tovuti nyingi zimejificha nyuma ya seva ya kati inayopokea wageni kwanza. Mgeni anafika kwa https kwenye seva ya kati, na yenyewe inaongea na seva ya nyuma kwa http. Seva ya nyuma inapima sharti: ombi limekuja bila usalama. Inajibu, nenda https. Kivinjari kinaenda https, kinafika tena kwenye seva ya kati, ambayo inapeleka tena kwa http, na jibu ni lilelile. Waraka wa HTTP 1.0 wa mwaka 1996 ulivishauri vivinjari viache baada ya kuelekezwa mara 5. Chrome na Firefox za leo huvumilia hadi 20, kisha humwambia mtu kwamba ameelekezwa mara nyingi mno. Mtu hajafanya kosa lolote. Dawa ni sharti lisome mstari wa X-Forwarded-Proto, ambao seva ya kati huutumia kueleza mgeni alikujaje, na mstari huo uaminiwe tu ukitoka kwenye seva hiyo ya kati.

Kuna upotevu mwingine ambao hauonyeshi hata onyo, nao unaniuma kuliko mzunguko ule. Mwanafunzi amejaza fomu ya maombi ya chuo: majina, shule alizosoma, namba ya mtihani, maelezo ya mzazi. Amebonyeza tuma. Fomu ile, kwa kuwa iliandikwa zamani, inatuma kwenye anwani ya http. Seva inajibu 301, nenda https. Vivinjari, kwa desturi ya tangu mwanzo, vikipata 301 au 302 baada ya kutuma kwa POST, kitendo kinachobeba yaliyojazwa, huligeuza ombi kuwa GET, na yote yaliyojazwa huachwa njiani. Seva inapokea ombi tupu na kumwonyesha fomu tupu. Mtoto anadhani intaneti imekatika, anajaza upya, inarudi tupu tena. Ili kuondoa utata huo, waraka wa HTTP wa 1999 ulileta 307, na 2014 ikaja 308 kwa uhamisho wa kudumu. Hizo mbili huamuru ombi lifike kama lilivyotumwa, na fomu yake ndani. Anayeweka uelekezaji juu ya anwani inayopokea fomu au malipo na hazijui namba hizi mbili, asimamishwe kwanza azisome.

Uhamisho wa jina la tovuti nao una mtego wake. Taasisi imetoka kwenye anwani ya .com kuja .or.tz, imeweka 301 safi kwa kila ukurasa, kisha mhasibu anaona bili ya jina la zamani na kusema hatulihitaji tena. Uelekezaji unaishi pale tu jina la zamani linapolipiwa. Likiachwa, mtu mwingine atalinunua, na linki zote zilizochapishwa kwenye vitabu, vipeperushi na barua za taasisi zitakuwa zinapeleka watu kwake. Na jina la zamani linahitaji cheti cha usalama hai, kwa sababu kivinjari hukagua cheti kabla hakijasikia neno lolote kutoka kwa seva. Cheti kikiisha, mgeni anaona onyo jekundu na Location haisomwi kamwe. Nawaomba wahasibu wanaonisikiliza waache vitu hivyo viwili kwenye bajeti.

Nimeacha la mwisho lile la wezi, kwa kuwa wao wameielewa nguvu ya sharti kuliko wengi wetu. Mhalifu akipenya kwenye tovuti, mara nyingi kwa programu-jalizi ambayo haijasasishwa, hutafuta faili la .htaccess, ambamo kanuni hizi za Apache huweza kuandikwa, na kuongeza mistari michache. Sharti lake linatazama mgeni ametoka wapi: kama amebofya kutoka kwenye matokeo ya Google, au kama ameshika simu, apelekwe kwenye tovuti ya kamari, ya dawa bandia, au ukurasa unaoomba nywila. Mwenye tovuti hatafuti tovuti yake Google. Anaandika anwani moja kwa moja, kwenye kompyuta, na anaona kila kitu kiko shwari. Wateja wanamwambia tovuti yako inatupeleka kwenye kamari, yeye anaifungua mbele yao na haoni kitu. Hivi ndivyo wizi huu unavyoweza kukaa kwa miezi.

Njia ya kuufichua ni kuomba ukurasa kama wanavyoomba wengine. Programu ndogo ya curl inatosha. Ukiipa alama ya herufi I kubwa, inakuonyesha namba ya jibu na mstari wa Location bila kuufuata. Fanya hivyo kwanza bila kuongeza kitu. Kisha ongeza herufi e ndogo na anwani ya Google, ili seva idhani umetoka huko. Kisha herufi A kubwa na jina la kivinjari cha simu. Kisha, kwa herufi H kubwa, mstari wa Accept-Language wenye sw. Linganisha majibu yote manne. Palipo na tofauti, uwe na uwezo wa kuonyesha kanuni uliyoiandika mwenyewe inayoileta. Ukikuta Location inayoelekea mahali usipopajua, weka nakala ya faili lile kabla ya kuligusa, badilisha nywila zote za tovuti na za seva, sasisha kila programu-jalizi na ufute zisizotumika, ndipo ufute mistari ile. Kisha rudia curl kesho yake asubuhi, kwa sababu walipoingilia pakiwa bado wazi, mistari hiyo huandikwa upya usiku huohuo.